Soksi saba kwenye nondo za dirisha

Mia na tatu. Nikazikusanya, nikahesabu upya kwa mafungu ya kumi kumi. Mia na tatu tena.

Ilikuwa saa tano usiku, tarehe 23 Desemba, nimekaa jikoni kwa mama, Chumbageni, karata za Uno nimezitandaza kwenye sinia la pilau. Pakiti ya Uno tuliyoizoea ina karata 108, za miaka ya karibuni zina 112. Yangu haikuwa ya zamani wala mpya, ilikuwa pungufu tu. Nikafungua ya pili, maana nilinunua mbili kwa muuzaji wa mtandaoni: 105. Watoto wamelala chumba cha pili, maduka yamefungwa, na kesho yake ndiyo mkesha.

Nirudi nyuma kidogo. Kwetu Krismasi huliwa Tanga, kwa mama. Kaka na wifi yangu hutoka Dar na watoto watatu, mdogo wangu huja na wawili kutoka Korogwe, nami nina wawili. Jumla saba, mkubwa ana miaka 14, wa mwisho ndiyo kwanza ametimiza miwili. Krismasi ya kabla ya hiyo niliwanunulia magari na midoli. Mpaka saa kumi jioni magari yote yalikuwa hayana matairi, umeme umekatika, na wakubwa wanagombea simu moja iliyobaki na chaji. Nikaapa mwaka unaofuata nitaleta michezo ya kukaa chini pamoja.

Soksi ni wazo la watoto wa Dar. Waliona kwenye televisheni watoto wa Ulaya wanatundika soksi sebuleni, mahali pa kuotea moto, asubuhi wanakuta zimejaa. Wenyewe huko wana hadithi ya Askofu Nikolasi wa Mira, nchi ambayo leo ni Uturuki, kwamba alimsaidia kwa siri baba maskini mwenye mabinti watatu wasio na mahari ya kupeleka kwa waume. Wengine husimulia kuwa dhahabu iliangukia kwenye soksi zilizoanikwa. "Shangazi, huku soksi mnatundika wapi?" Nikajitia ujuzi, nikasema dirishani. Mama akaguna. "Soksi? Joto lote hili?" Na kweli, Desemba Tanga anayevaa soksi ni mlinzi wa benki na bwana harusi.

Nilipanga shilingi 70,000, yaani 10,000 kwa kila mtoto. Nilitumia 121,500. Nitawaeleza zilikokwenda, maana ndiko mafunzo yaliko.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kununua michezo kabla ya soksi. Mwanzoni mwa Desemba niliona dukani boksi zuri, ule mchezo wa kununua mitaa na majumba, lina noti za bandia na vijumba vya plastiki. Shilingi 35,000. Nusu ya bajeti imekwenda kwenye kitu kimoja, na nilipolifikisha nyumbani boksi lilikuwa pana kama mkungu wa kufunikia chungu. Hakuna soksi duniani ya kuliingiza. Soksi zenyewe nilizipata baadaye Ngamiani, zile ndefu za mpira wa miguu, jozi 2,500. Nilinunua jozi saba kabla akili haijanikaa sawa kwamba kila mtoto anahitaji soksi moja tu. Jozi nne zingetosha, na ningebaki na moja ya akiba. Hapo nimetupa 7,500 hivihivi.

Ukiwa na soksi mkononi, mambo yanajipanga yenyewe. Soksi ya mpira inapokea vizuri kitu chenye ukubwa wa pakiti ya karata, au mfuko mwembamba mrefu. Boksi la pembe nne lenye upana wa kiganja linaingia kwa kusukumwa, na asubuhi halitoki mpaka uligeuze soksi nje ndani. Kwa hiyo nenda dukani na soksi kwenye mkoba. Wauza duka watakushangaa, waache washangae.

Kosa la pili: picha. Uno mbili na ludo tatu ndogo za sumaku niliziona kwenye ukurasa wa muuzaji mmoja, picha imepigwa kwa karibu mpaka ludo inaonekana kama meza. Nikalipa 14,000 za Uno, 18,000 za ludo, na 5,000 za kusafirisha kwa basi kutoka Dar. Nikapanda bajaji hadi stendi ya Kange kuchukua mzigo. Ludo zilikuwa na ukubwa wa pochi ya sarafu. Kete zake, nisikilizeni, zilikuwa ndogo kuliko punje ya mahindi. Sikuuliza vipimo. Sasa nauliza sentimita, na namwomba muuzaji apige picha kitu kikiwa kiganjani mwake. Anayekataa, naachana naye.

Turudi jikoni, saa tano ile ya usiku. Uno ni rahisi kuikagua ukijua hesabu yake. Kila rangi kati ya nne ina sifuri moja, na moja hadi tisa mbili mbili, hapo ni karata 19, mara nne ni 76. Kila rangi tena ina mbili za kuruka, mbili za kugeuza, mbili za "chukua mbili", jumla 24. Halafu nyeusi nne za kubadili rangi na nne za "chukua nne". Ndiyo 108. Pakiti yangu ya kwanza ilikosa sifuri ya njano, saba moja ya kijani, geuza moja ya bluu na "chukua nne" mbili. Ya pili ilikosa vitu vingine. Nikatoa tano kwenye ya pili nikajaza ya kwanza, nikapata pakiti moja kamili. Nikajiona fundi.

Ila migongo! Karata za pakiti ya pili zilikuwa zimepauka kidogo. Mimi kwenye mwanga wa tochi ya simu sikuona. Watoto waliona kabla ya raundi ya tatu. Yule wa miaka 14 alishajua kuwa mgongo uliopauka ukikaa juu ya fungu, huenda ni "chukua nne", naye anajikohoza ili zamu yake ifike vizuri. Nilikuja kuambiwa mwezi wa kwanza.

Sasa nikawa na soksi moja tupu, na wa kuikosa zawadi alikuwa mwanangu mwenyewe wa miaka tisa, ambaye hasamehi upesi. Hapo ndipo nilipofanya jambo la pekee la maana katika safari yote, tena bila kupanga. Mama ana mfuko wa vipande vya vitambaa alivyopewa na fundi cherehani. Nikachukua kipande cheupe cha marekani, nikapiga mistari kwa rula na kalamu ya wino mzito, nane kwa nane, miraba 64, nikapaka rangi mmoja naruka mmoja. Visoda niliviokota nyuma ya nyumba, pale mama anapoweka kreti za soda za wageni: 24, kumi na viwili kwa kila upande. Mmoja anachezea vilivyolala chali, mwingine kifudifudi, kama wazee wa barazani wanavyofanya siku zote. Nikavisugua kwa chumvi na majivu, kingo zenye ncha nikazipondaponda kwa mchi ili zisikate vidole. Drafti nzima ikakunjwa, ikaingia kwenye soksi kama leso. Gharama yake ni usingizi wa saa moja.

Tukatundika soksi usiku wa mkesha, tuliporudi kanisani, kwenye nondo za dirisha la sebuleni. Ya kijana wa 14 ilikuwa na dhumna, na dhumna ni vipande 28 vya plastiki nzito. Saa nane usiku ikakatika uzi. Nyumba nzima iliamka, mama akatoka na mwiko akidhani mwizi anakata nondo. Vitu vizito weka chini ya dirisha, soksi ining'inie tupu au na pipi. Watoto hawajali, wanajua zawadi ni yao.

Sasa nieleze jambo ambalo bado linanitia baridi. Nilitaka wote wapate sawa, asiwepo wa kulalamika, basi hata huyu wa miaka miwili nikamwekea ludo yake. Asubuhi ya Krismasi, wenzake wanashangilia, mimi nakoroga chai ya tangawizi, nikasikia mdogo wangu anaita jina la mtoto kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Mtoto ameachama, macho yamemtoka, sauti haitoki. Dadu. Nilikimbilia kuingiza kidole nikivue, wifi yangu, ambaye ni muuguzi, akanisukuma kando. Akamlaza mtoto kifudifudi kwenye paja lake, kichwa chini, akampiga mgongoni katikati ya mabega kwa kiganja, mara moja, mbili, tatu. Ya nne dadu ikaruka sakafuni, nyeupe, ndogo, inang'aa mate. Mtoto akalia, na kilio kile kilikuwa kitamu kuliko kwaya yote ya usiku.

Baadaye wifi alinieleza taratibu, bila kunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Kitu kikikwama kooni usichokore kwa kidole kama hukioni, unaweza kukisukuma ndani. Mtoto akiweza kukohoa, mwache akohoe. Akishindwa, ni mapigo matano mgongoni, na kama hayakusaidia, kwa aliyezidi mwaka mmoja, unambana tumbo juu ya kitovu kwenda ndani na juu mara tano, huku mwingine anatafuta usafiri wa hospitali. Akanionyesha na kipimo cha nyumbani: kile kigogo cha karatasi ya chooni. Kinachopita kwenye tundu lake, mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe. Nilichukua kigogo nikapitisha vitu vyote vya asubuhi ile. Kete, dadu, visoda, vijumba vya plastiki, vyote vilipita kama maji. Alama ya uso wa mtoto iliyokatwa mstari mwekundu, ipo kwenye maboksi mengi na yangu ilikuwepo. Nilikuwa nimeitazama nikaona pambo.

Tangu hapo mtoto mdogo anapewa soksi yenye mpira wa kitambaa, na michezo ya wakubwa inachezwa juu ya meza yeye akiwa amelala.

Mchana ukaleta somo jingine. Mimi nilikuwa nimepiga hesabu ya watoto saba. Tanga hii? Sahani za pilau zilikwenda kwa majirani, Waislamu na Wakristo, na kila sahani ilirudi na mtoto nyuma yake. Mpaka saa tisa walikuwa kumi na mmoja kwenye mkeka. Ludo ni ya wanne. Drafti ni ya wawili. Ule mchezo wa majumba ulikaa na sita kwa saa mbili na nusu, maandishi yote ya Kiingereza, kila karata lazima aitwe mtu mzima kutafsiri, na uliisha kwa vilio viwili na noti moja imemezwa na kuku. Haujafunguliwa tena.

Uliookoa siku ni Uno ile ya kuungaunga. Inachezwa na wawili hadi kumi, na aliyejua lasti kadi ya karata za kawaida anaielewa kwa dakika tano, maana ni ndugu: unafuata rangi au namba, unabakiwa na moja unatangaza. Wakishazidi kumi, wadogo wawili wanaunganishwa wawe mchezaji mmoja. Upungufu wake ni usiku. Umeme ulipokatika, kwenye taa ya sola bluu na kijani vikawa kitu kimoja, ikawa vita. Tukachora nukta kwa kalamu kwenye kona ya kila karata ya kijani. Fanyeni hivyo mapema.

Halafu upepo. Desemba ni kaskazi, na barazani kwa mama unaingia kutoka baharini bila hodi. Karata tatu ziliishia kwenye mwarobaini wa jirani. Dawa ni sinia lenye ukingo, na kisoda juu ya fungu. Sinia hilohilo likigeuzwa ndilo lililotufaa kwa Jenga ndogo, ule mchezo wa mnara wa vijiti, niliyomnunulia wa miaka 12 kwa 12,000, kwa sababu juu ya mkeka mnara hausimami hata ghorofa ya tano. Huo mchezo nao una kisa. Binti wa kaka alisoma jina kwenye boksi, akaniuliza, "Shangazi, Wazungu wametuibia neno?" Kidogo. Aliyeutunga, Leslie Scott, ni Mwingereza aliyezaliwa na kukulia Afrika Mashariki, akaupeleka kwenye maonyesho ya London mwaka 1983 kwa jina la kitenzi chetu. Vijiti 54, vitatu kila ghorofa, ghorofa 18. Watoto walipojua hivyo wakaanza kupiga kelele "Jenga!" kila anayechomoa, na anayeangusha anaitwa "Bomoa" mpaka raundi inayofuata.

Karata za kawaida nilinunua pakiti mbili za plastiki, 5,000 kila moja, na sijutii. Za karatasi kwa unyevu wa huku hushikana kama chapati zilizofunikwa moto, wiki ya pili huwezi kuzichanganya. Za plastiki unazifuta mafuta ya pilau kwa kitambaa, maisha yanaendelea. Ila sikumuuliza mama. Mama ni mzee wa kanisa, na kwake kopa na shupaza ni mali ya wacheza kamari wa vijiweni. Alipoziona tu, akasema, "Mwanangu, hizo hazilali nyumba hii." Jirani yake, bibi wa Kiislamu aliyekuja kula, akaitikia, akaongeza kuwa kwake yeye hata dadu haipendi. Nikabaki nimesimama na ludo mbili, karata mbili na aibu. Kama utampelekea mtoto wa mtu mchezo, muulize mzazi au bibi wa nyumba kwanza. Dakika moja ya simu.

Wifi ndiye aliyenitoa. Alikuja na kikopo cha bati cha Dobble, mchezo wa Kifaransa ambao Marekani huuita Spot It! Ni karata za duara 55, kila moja ina picha nane, na ukishika mbili zozote lazima zifanane kwa picha moja, moja tu. Anayeiona kwanza anaitaja. Hakuna kopa, hakuna dadu, hakuna kusoma, raundi ni dakika tano. Akawaita wale bibi wawili wajaribu "kupima macho". Mama alianza kwa kusitasita. Mara ya tatu alikuwa amevua miwani akaifuta, akaivaa tena, na kumwambia jirani, "Bi mkubwa, hiyo uliyosema si yenyewe, angalia vizuri!"

Kikopo hicho kinaingia kwenye soksi, ila bei yake iko juu ya bajeti yangu ya mtoto mmoja. Nikatafuta namna ya kutengeneza kidogo cha wadogo, nikagundua inawezekana kwa picha saba na karata saba, picha tatu kila moja. Nilikata boksi la sabuni, nikachora: baiskeli, jahazi na nazi; baiskeli, kuku na chungwa; baiskeli, mwavuli na samaki; jahazi, kuku na mwavuli; jahazi, chungwa na samaki; nazi, kuku na samaki; nazi, chungwa na mwavuli. Chukua mbili zozote uone. Kwa mtoto wa miaka minne au mitano zinatosha kabisa, na ukikosea kuchora kuku, kama mimi, wanacheka zaidi.

Kitu kimoja cha mwisho kuhusu maelezo. Ili pakiti ziingie kwenye soksi nilitoa vitu kwenye maboksi yake, maboksi nikayatupa, na maelezo yakaenda nayo. Siku nzima kila mtoto alikuwa na sheria yake, ya Dar, ya Korogwe, ya shuleni kwao. Sasa naandika sheria kwa Kiswahili kwenye nusu karatasi, mistari kumi isizidi, naikunja ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na mchezo. Kabla ya kuandika nacheza mwenyewe raundi moja na mtu. Nikishindwa kumweleza kwa dakika tatu, naurudisha dukani.

Na ile drafti ya kitambaa? Mwanangu aliipokea kwa kununa. Saa mbili usiku kaka na kijana wa 14 walikuwa wameinamia kile kitambaa hawasikii wakiitwa kula, jirani amesimama nyuma yao anatoa ushauri asioombwa. Ilibaki kwa mama tulipoondoka. Nilipokwenda mwezi wa pili niliikuta imefuliwa, imeanikwa kwenye kamba, mistari imefifia, na visoda viwili vimebadilishwa kwa vifungo vya koti.

Mwaka huu nimeanza mapema. Nina vitambaa viwili tayari na visoda 41, vimebaki saba. Muuza soda wa hapa mtaani ameshaniuliza nafungua kiwanda gani.